Madoa ya Wino Kwenye Viti vya Boti: Namna ya Kuyaondoa Bila Kuharibu Kiti wala Kuhatarisha Maisha

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa manahodha, mabaharia na wenye boti za abiria Lamu. Yamechapishwa hapa ili yawafikie pia wakaazi ambao hawakuhudhuria, kwa kuwa kila anayepanda boti anahusika.



Kwingine nchini, mtu akitaka kwenda hospitali, sokoni au benki husimama kando ya barabara kungoja matatu. Lamu husimama kwenye jeti. Anayetoka Mokowe kuingia mji wa Lamu huvuka kwa boti. Anayeshuka kwenye ndege katika uwanja wa Manda huvuka kwa boti. Watu wa Faza, Kizingitini, Siyu na Ndau huja kwa boti, na mgonjwa aliyezidiwa usiku wa manane huletwa kwa boti. Kiti cha boti hapa hukaliwa na mwanafunzi, mama mjamzito, mtalii, mwalimu na maiti wa jirani anapopelekwa kuzikwa kwao.

Viti vingi vya boti za kasi hufunikwa kwa vainili, ile ngozi ya plastiki ambayo mafundi wa viti huiita reksini. Mara nyingi huwa nyeupe au rangi ya maziwa, kwa sababu rangi hiyo haishiki joto la jua sana. Lakini weupe huo huo ndio unaofanya doa dogo la kalamu lionekane tangu kwenye ngazi ya jeti. Abiria mwenye kanzu nyeupe akiliona, husita kukaa. Mgeni akiliona, huanza kujiuliza kama boti yenyewe inatunzwa.

Hadi hapo ni suala la usafi na biashara. Jambo zito zaidi ni kile ambacho baadhi ya watu hufanya ili kuliondoa doa hilo. Wapo wanaochovya kitambaa katika petroli ya mashine na kusugua kiti boti ikiwa imejaa mafuta. Wapo wanaomwaga jiki, kisha wakaongeza dawa ya choo ili "ipate nguvu". Doa la wino halijawahi kumuua mtu. Njia hizo mbili zinaweza kuua.

Wino hufikaje kwenye kiti?

Wino wa boti una njia zake. Baharia huandika majina ya abiria, kisha huweka kalamu juu ya kiti ili ashike kamba. Mwanafunzi hukaa na biro mfukoni bila kifuniko. Mama hufungua kitabu cha kliniki mapajani. Kalamu iliyosahauliwa juani hupata joto, wino wake huwa mwepesi na huvuja wenyewe. Nayo kalamu nene isiyofutika, ile maka inayotumika kuandikia mizigo, hugusa kiti kabla maandishi hayajakauka.

Wengine wameamua kwamba dawa ni kupiga kalamu marufuku ndani ya boti. Uamuzi huo usifuatwe. Orodha ya majina ya abiria ndiyo inayowawezesha waokoaji kujua wanatafuta watu wangapi na ni akina nani. Boti ikipata ajali bila orodha, familia hubaki ufukweni zikiuliza swali lisilo na wa kulijibu. Afadhali kiti chenye madoa mia kuliko safari moja bila majina.

Ipo njia ya kupata yote mawili. Orodha ya kubaki nchi kavu iandikwe kwa kalamu ya wino mezani, kwenye jeti, kabla ya watu kupanda. Nakala inayosafiri na chombo iandikwe kwa penseli. Penseli haivuji juani, na maandishi yake hayatiririki karatasi ikipata maji, tofauti na wino wa majimaji. Ikigusa kiti, alama yake hutoka kwa kitambaa chenye sabuni.

Kwa nini wino hung'ang'ania?

Anayeelewa adui yake hupigana naye vizuri. Plastiki ya vainili kwa asili ni ngumu, kama ile ya mabomba ya maji. Ili iwe laini na ikunjike, kiwandani huchanganywa na vilainishi vya majimaji ya mafuta. Wino wa biro nao ni rangi iliyoyeyushwa katika majimaji ya aina hiyo ya mafuta. Vitu viwili vinavyofanana vikikutana, hupokeana. Rangi ya wino hukaa juu kwa muda mfupi, kisha huanza kuzama ndani ya vainili yenyewe. Joto la jua huiharakisha.

Ndiyo maana doa la dakika tano na doa la siku tano si doa moja. La kwanza liko juu ya ngozi na linaweza kufutwa. La pili limeingia ndani ya ngozi, na hakuna kusugua kutakakolitoa bila kuondoa ngozi yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika boti, anayechelewa kufuta doa hulazimika kumwita fundi wa kushona viti.

Kabla ya kuanza

Wino wa biro na wa maka hauyeyuki kwa maji. Huyeyuka kwa spiriti. Inayofaa ni spiriti ya kusafishia ngozi au vidonda inayouzwa kwenye maduka ya dawa, yenye nguvu ya asilimia 70 hivi, na iwe isiyo na rangi. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau au buluu isitumike kwenye kiti cheupe, kwa sababu inaweza kuongeza doa badala ya kupunguza. Asiyeipata anaweza kutumia kitakasa mikono chenye spiriti. Kwa kuwa ni kizito, hukaa juu ya doa bila kutiririka.

Lakini spiriti hushika moto haraka. Joto la kawaida la Lamu linatosha kuifanya itoe mvuke unaoweza kuwaka kwa cheche ndogo. Mvuke wa petroli na wa spiriti ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea. Hushuka na kujikusanya chini ya boti, kwenye ngama, mahali ambapo kuna nyaya za betri na harufu ya mafuta tayari. Sponji iliyo ndani ya kiti nayo ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo masharti haya hayana mjadala:

Kwanza, boti iwe imefungwa jetini au imevutwa ufukweni, bila abiria hata mmoja.

Pili, mashine izimwe na ipoe, betri ikatwe, na madumu ya petroli yatolewe nje ya chombo.

Tatu, pasiwe na sigara, jiko wala moto wowote karibu.

Nne, kama kiti kinafunguka, kifunguliwe na kusafishwa nchi kavu, kivulini, penye upepo. Hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Tano, spiriti isimwagwe kwenye kiti. Itiwe kidogo kwenye kitambaa, na chupa ifungwe palepale.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni asubuhi mapema au jioni, kiti kikiwa kimepoa. Vitambaa vyeupe vya pamba vitano au sita, sabuni kidogo ya maji na nusu ndoo ya maji matamu vinatosha. Maji matamu ni mali adimu visiwani, na mji wa Lamu unategemea sana maji yanayohifadhiwa chini ya machuga ya mchanga ya Shela. Hakuna haja ya kuyamwaga ovyo.

Hatua ya kwanza ni kuondoa chumvi. Kiti cha boti huwa na chembe za chumvi na mchanga zisizoonekana. Mtu akianza kusugua juu yake, ni kama anasugua kwa msasa. Kitambaa chenye maji matamu na sabuni kipitishwe taratibu, kisha kiti kikaushwe. Kama wino ulikuwa wa majimaji, kama ule wa kalamu za watoto za kuchorea, huenda ukatoka hapo hapo na kazi ikaisha.

Hatua ya pili ni kujaribu. Spiriti kidogo ipakwe mahali pasipoonekana, mfano upande wa chini wa kiti, na kusubiriwa dakika tano. Kama vainili inanata, inapoteza mng'ao au rangi ya kiti inahamia kwenye kitambaa, kazi isiendelee kwa spiriti. Kiti hicho ama ni cha zamani sana ama kimepakwa rangi juu yake, na kinahitaji sabuni pekee.

Hatua ya tatu ndiyo yenye ufundi. Kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo kibonyezwe juu ya doa kwa sekunde chache kisha kiinuliwe. Kisivutwe huku na huku, maana wino ulioyeyuka husambaa na doa la ukubwa wa kidole huwa la ukubwa wa kiganja. Mkono uanzie pembeni mwa doa kuelekea katikati. Kila kitambaa kikipokea wino, kigeuzwe upande safi. Wengi hushindwa hapa: huendelea na upande ule ule mchafu, na wino walioutoa huurudisha wenyewe.

Hatua ya nne ni kuosha. Baada ya dakika moja au mbili, spiriti yote ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni, kisha chenye maji matupu, halafu kiti kikaushwe. Spiriti ikiachwa juu ya vainili hula utando wa juu unaokinga kiti, na huvuta vilainishi vinavyoifanya iwe laini. Doa likibaki, hatua ya tatu na ya nne zirudiwe, lakini zisizidi mara tatu kwa siku moja.

Penye mshono uangalifu uongezwe. Matundu ya sindano hupitisha majimaji hadi kwenye sponji, na mvuke wa spiriti uliojificha humo huchukua muda kutoka. Hapo itumike pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, ikiwa na unyevu tu. Baada ya kazi, boti iachwe wazi ipigwe na upepo hadi harufu iishe kabisa kabla ya kurudisha petroli na kuwasha mashine.

Visivyofaa hata kidogo

Petroli na tina ya rangi huyeyusha vilainishi vya vainili. Kiti huonekana safi siku ya kwanza, na baada ya majuma machache hukakamaa na kupasuka. Hatari ya moto imekwisha kuelezwa.

Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni hulainisha uso wa vainili na kuacha alama isiyorekebishika. Doa la wino hugeuka kuwa kovu.

Jiki haiyeyushi wino wa biro. Hudhoofisha nyuzi za mshono, na huweza kuigeuza vainili nyeupe kuwa ya manjano. Hatari kubwa iko kwenye kuchanganya. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au hata siki, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Ikikutana na spiriti huzaa kemikali nyingine zenye sumu. Anayetumia moja asiguse nyingine.

Waya wa kusugulia sufuria, msasa na dawa ya meno hukwaruza. Mikwaruzo hiyo ndiyo itakayoshika uchafu wa kesho, na kiti kitachafuka upesi kuliko awali.

Maziwa, ambayo wengine huyasifu, huingia kwenye mshono yakaoza. Mafuta ya nazi na ya kupikia, yanayopakwa ili kiti king'ae, hunata vumbi, hualika ukungu na huchafua buibui la abiria wa kwanza kukaa.

Wino wa kura, hina na piko

Yapo madoa matatu ambayo si ya kalamu lakini Lamu huyafahamu vizuri.

La kwanza ni la uchaguzi. Kenya hupiga kura ya uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano, na siku hiyo boti hurudisha watu vijijini wakiwa na alama kidoleni. Wino wa kura usiofutika kwa kawaida huwa na nitreti ya fedha, kemikali inayogeuka kuwa nyeusi inapopigwa na mwanga. Spiriti haiwezi kuuondoa ukishakolea. Ukiwa bado mbichi, ufutwe mara moja kwa maji na sabuni. Kinga ni rahisi zaidi: abiria asubiri kidole kikauke kabla ya kupanda, na kiti kifunikwe kwa siku hiyo moja.

La pili na la tatu ni hina na piko za harusini. Hakuna nahodha atakayemzuia bi harusi na mashoga zake kupanda boti wakiwa wamepambwa. Lakini hina mbichi na piko, ambayo kwa kawaida ni rangi nyeusi ya nywele, huingia kwenye vainili kama wino. Taulo kuukuu au leso nzito itandikwe kabla wageni hawajakaa. Likidondoka, lifutwe hapo hapo kwa maji na sabuni, shangwe zikiendelea.

Jaketi za kuokolea maisha

Hapa pasiwe na kosa. Kila lililosemwa kuhusu spiriti linahusu kiti peke yake. Jaketi la kuokolea maisha lisiguswe na spiriti, petroli, tina wala jiki, hata likiwa na doa la aibu. Kemikali hizo zinaweza kudhoofisha kitambaa, nyuzi, mikanda au kile kinachoelea ndani yake, na udhaifu huo hauonekani kwa macho. Huonekana mtu akiwa majini. Jaketi lioshwe kwa maji matamu na sabuni laini, likaushwe kivulini, na doa likibaki liachwe. Jaketi lenye doa huokoa sawasawa na lisilo na doa. Lililochanika au kulika mikanda libadilishwe.

Baada ya kusafisha

Vitambaa vilivyotumika visirundikwe ndani ya boti wala visitupwe baharini. Vianikwe mahali wazi, mbali na moto, hadi vikauke, kisha vitupwe pamoja na taka. Maji machafu yasimwagwe kando ya chombo. Sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na humo ndimo samaki na kaa wadogo hukulia. Kitakachomwagwa jetini leo, mvuvi atakutana nacho kesho.

Wapo wanaouliza: na doa lililokaa miezi sita? Jibu la kweli ni kwamba huenda lisitoke lote. Mara tatu za spiriti zitalipunguza, na kivuli kitabaki. Rangi nyingi za biro hufifia zenyewe zikipigwa na jua kwa muda, na kivuli hicho huenda kikaendelea kupungua. Anayelazimisha hubaki na kiti kilichochubuka.

Wapo pia wanaouliza kuhusu kalamu za jeli. Nyingi kati ya hizo zina chembe za rangi ambazo spiriti haiziyeyushi vizuri. Kwa hizo, sabuni na haraka ndiyo dawa. Baada ya saa chache, matumaini ni madogo.

Kila boti inaweza kuwa na kifuko kidogo chenye vitambaa vyeupe vitatu, kichupa cha sabuni ya maji na penseli mbili. Spiriti isiwe humo. Ikae nchi kavu, dukani au nyumbani, mbali na watoto. Wino ukidondoka safarini, baharia abonyeze kitambaa kikavu kuunyonya, kisha afute kwa sabuni, na mengine yasubiri chombo kifike na kufungwa. Kazi ya safarini ni kuwafikisha watu.

Na abiria wana sehemu yao. Mwanafunzi afunge biro yake na kuitia ndani ya mkoba. Mzazi amkumbushe mtoto kwamba kiti cha boti si daftari. Anayemwona mwenzake akisugua kiti kwa petroli, huku mtu mwingine akivuta sigara hatua tatu kutoka hapo, asinyamaze kwa kuona haya. Neno moja la wakati huo lina thamani kuliko pole nyingi za baadaye.

Viti vikiwa safi, majina yakiwa kwenye orodha na jaketi zikiwa zima, chombo kiko tayari kuondoka. Safari njema.